Lengo la Insha Yangu

Juzi, katika shule moja mjini Same, niliona ubaoni malengo matatu ya mwandishi: kuelimisha, kuonya, kuburudisha. Nikakumbuka alasiri moja kule Chome, kijijini nilikosoma utotoni, masweta yetu yakinuka mvua na moshi wa kuni.

Nakundwa, niliyeketi naye dawati moja, ndiye aliyechaguliwa kila mara kulisomea darasa kwa sauti. Nafasi hiyo niliitamani kuliko chakula. Kwa wivu niliandika insha kuhusu msichana aliyeangamizwa na majivuno ya sauti yake. Mwalimu alimpa Nakundwa aisome, bila kunitaja, nikadhani nimesifiwa.

“Mwandishi alikusudia nini?” mwalimu aliuliza.

“Kuonya, mwalimu!” darasa lilijibu.

Nakundwa, aliyeufahamu mwandiko wangu, aliikunja karatasi taratibu. “Huyu haonyi mtu, mwalimu. Anataka nafasi yangu.” Akanigeukia. “Si ungeniomba tu?”

Darasa liliangua kicheko. Nilimchukia miaka mingi kwa kunisoma vizuri namna ile.

Leo watu hunisifu kwa makala zangu za maonyo. Kila nimalizapo moja, mimi huisoma kwanza moyoni kwa sauti ya Nakundwa, na nyingi huishia kuchanwa.