Kijiji cha Mbaazi Kule India

Mama alipofanyiwa upasuaji wa moyo India, daktari alitukataza kupanda ndege mpaka kidonda kipone. Tukapanga chumba karibu na hospitali, mie, mama na mama mdogo. Mie nauza nafaka sokoni Tandale, nimezoea kelele na kushinda nimesimama. Mle chumbani nilikuwa nafungua dirisha, nafunga, nainama kuangalia kama mama anapumua. Mwisho akachoka.

"Mwanangu, unanitia homa," akasema. "Hebu toka, nenda hata kwa watu."

Mkalimani wetu, dada wa makamo aliyejifunza Kiswahili kwa kuhudumia wagonjwa wa kwetu, alikuwa anakwenda kijijini kumsaidia mama yake kuvuna mbaazi. Akanichukua. Mama mdogo akabaki na mgonjwa.

Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo. Nyumba za mawe na udongo zimebanana kama uswahilini kwetu, lakini ukipita ya mwisho tu, ni mashamba hadi macho yanachoka. Nyati wa kufuga wamefungwa milangoni. Sakafu wanasiriba kwa mavi ya ng'ombe, zikikauka hazina harufu. Umeme unakuja kwa saa zake, na ukija watu wanaacha hata chakula, wanakimbilia pampu za visimani. Kwenye baraza la hekalu, mkalimani akaniambia, wanaume walikuwa wanalalamikia mvua iliyokatika mapema, kwa sauti ileile ya wajomba zangu wa Lindi.

Mama yake mkalimani alikuwa mjane, mwembamba, mtandio haumtoki kichwani. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea, na binti yake akamweleza maana yake. Akacheka, akanishika mikono yote miwili. Tulikula mikate ya mtama na mbaazi zilizopondwa zikawa rojo. Nikamwambia sie tunazipika nzima, kwa nazi. Akauliza tunazipanda na nini. Nikajibu kwa bibi yangu tulichanganya na mahindi. Yeye alichanganya na pamba.

Lakini sikutulia. Mtandao ulipatikana juu ya paa la jirani tu, nami nilipanda na kushuka ngazi ile mpaka watoto wakaanza kunifuata. Mchana mama mdogo aliniambia mgonjwa amekunywa uji. Alasiri nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena, simu ikawa imezimwa. Nikashuka, nikamwambia mkalimani nataka kurudi saa hiyohiyo. Akasema basi la mwisho limeshapita.

Mama yake alikuwa ananitazama. Akasema neno, binti yake akalitafsiri: "Anasema umekaa kama mtu aliyeacha chungu motoni."

"Mwambie nimemwacha mama yangu," nikajibu.

Yule mama hakunipa pole. Aliokota fimbo, akanipa, akanionyesha rundo la mbaazi zilizokauka uani. Tukaanza kupura, yeye upande huu, mie ule. Maganda yalipasuka, vumbi likatuingia puani, mabega yakawaka. Katikati ya kazi akaniambia, kupitia kwa binti yake, kwamba mwanawe wa kiume alihamia mjini kutafuta kazi, na akipitisha siku bila kupiga simu yeye hupura hata zilizokwisha kupurwa. Hofu haikuniisha, ila nilipata mahali pa kuipeleka. Tulipura mpaka giza likaingia.

Asubuhi tukapanda basi la kwanza. Nilimkuta mama ameketi kitandani anachambua chungwa. Chaja ya simu ilikuwa imeharibika, basi. Akaniuliza mbona nimerudi upesi hivyo. Nikageukia ukutani nikalia.

Sasa tupo Tandale, mama anakwenda mwenyewe msikitini. Mkalimani hunitumia ujumbe wa sauti. Wiki hii kasema kwao mvua bado, na mbegu zipo ardhini. Tangu hapo nimekuwa nikiwapimia wateja mbaazi huku nikiangalia simu. Mama anasema nimejitafutia pengine pa kuwaza.