Leseni Yangu Ilikuwa Isongole

Nakumbuka siku ile Ezekia alipopanda kwenye semi jipya pale yadi ya malori ya Mpemba, karibu na mpaka, akafunga mlango, nami nimesimama chini, mikono mitupu. Sikiliza mwanangu: huyo Ezekia alikuwa utingo wangu, msaidizi wangu garini. Mimi ndiye niliyemfundisha kurudisha tela nyuma mpaka akaacha kugonga nguzo. Hadi leo nikiliona gari lake kwenye foleni ya mpakani, nageuza uso, najifanya natafuta kitu mfukoni. Sifichi, ni wivu.

Ngoja nirudi nyuma ujue chanzo.

Wanaotafutia watu kazi hawafanani, ingawa wote watakuita ndugu. Yupo dalali wa pakingi, kama Bosco. Huyo hana ofisi, bidhaa yake ni wewe. Yupo wakala mwenye meza na kompyuta, lakini aliyemtuma ni mwenye kampuni. Kazi yake ni kuchekecha, na pumba unaweza kuwa wewe. Halafu yupo ofisa wa kampuni yenyewe. Huyo hana habari umetoka kwa nani. Anataka kujua nani yuko mbele yake, ana karatasi gani mkononi, na gari analijua au anabahatisha.

Mimi shule niliishia la nne, hayo sikuyajua. Wakati ule sikuwa na gari, kampuni niliyokuwa naiendeshea ilikuwa imefungwa. Bosco akapita anakusanya leseni za madereva, leseni zenyewe, eti akizishika yeye matajiri wataamini kweli ana watu. Nikampa. Ezekia, naye ndiyo kwanza kapata yake, akanivuta pembeni.

"Mkuu, mpe kopi tu. Yenyewe baki nayo."

"We utingo, tangu lini kifaranga kikamfundisha kuku kuparua?"

Akacheka. "Haya mkuu, parua."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika kwa kutosikia la mdogo.

Hazikupita wiki mbili, ofisa wa kampuni moja akaja Mpemba mwenyewe kujaribu madereva. Nikasikia njiani, nikakimbia. Alikuwa mama mmoja mpole.

"Leseni, baba."

"Ipo kwa Bosco."

"Bosco ndiye nani?"

Nikampigia. Yuko Isongole, mbali huko, na mkoba wake wenye leseni zetu, anarudi kesho. Yule mama akatikisa kichwa. "Mimi nafunga leo, baba. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Ezekia, leseni yake mkononi. Aliposhuka garini baada ya jaribio, kazi kashapata, akaniambia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma: "Mkuu, kwani Bosco hakukupigia? Mimi kanipigia asubuhi, akasema wahi yadini."

Basi mwanangu, leseni yako na vyeti vyako usimwachie mtu akushikie. Anayesema atakutafutia kazi, muulize kwanza nani kamtuma. Na mdogo wako akikushauri, meza hata kama ni chungu. Mungu akupe kazi isiyopitia mkobani mwa mtu, na akuepushe na hiki kinachonitafuna mimi.

Na wewe Bosco, bado unapita pakingi na mkoba uleule. Siku ile ulijua ofisa anakuja. Ulimpigia utingo, dereva ukamwacha, na leseni yake ukaenda nayo Isongole. Kwa nini? Njoo unijibu hapa pakingi, madereva wote wakisikia.