Siku Niliposhindwa Kumwamkia Mama

Mimi ni mtu wa ndani. Nashona nguo kibarazani kwangu Magomeni, Kilosa, na safari yangu ndefu huishia gengeni. Kwa hiyo nilipoanza kuumwa hakuna aliyeshtuka. Kutoonekana kwangu si habari.

Kwanza usingizi ulikatika. Kisha chakula kikawa kama karatasi mdomoni, choo kikagoma, mwili ukawa mzito kama blanketi lililoloa. Nilikaa mbele ya cherehani kutwa nzima bila kutunga uzi.

"Leo umeuzidi hata uvivu wako, baba Asha," mke wangu Rehema akanitania.

Sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba nikifa watapumzika.

Asubuhi moja mama akaja kutoka Chanzuru na kaka yangu. Shikamoo ilinifika kooni, nguvu ya kuitoa sikuwa nayo. Kwetu hiyo ni kesi. Kaka akafoka, "Cherehani moja tu, kiburi chote hiki?"

Mama akanishika kidevu, akanitazama. "Huyu mvivu, lakini adabu hajawahi kukosa. Anaumwa. Mpelekeni hospitali."

Daktari wa hospitali ya Mikumi alinipima, kisha akaniuliza wazi kama nataka kufa. Nikasema ndiyo. Rehema akanishika mkono.

"Ni sonona," daktari akasema. "Kwenye ubongo, kati ya seli moja ya neva na nyingine kuna mwanya mdogo mno. Kemikali ndizo zinazovusha ujumbe hapo. Kwako mawasiliano hayo yamevurugika. Yote hatujayaelewa, ila dawa na mazungumzo vinasaidia."

"Kwa hiyo si uvivu?" nikauliza.

"Uvivu alikuja nao, daktari," Rehema akadakia. "Huo tuachie sisi."

Dawa zilinikausha mdomo, mikono ikatetemeka. Wiki ya pili nikataka kuacha. Rehema akakataa. "Meza. Fungua mdomo nione."

Wiki ya sita hivi nilisikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, nikaona njaa. Nikaduwaa. Kumbe hamu ya kula, kicheko, hata sauti ya kumwitikia mama, vyote vinapita kwenye mianya nisiyoweza kuiona. Aliyeiumba hiyo ndiye fundi. Mimi bado napindisha pindo.

Namshukuru Mungu, mama, daktari na Rehema wangu. Nawe uliyeanzishiwa dawa, usiziache bila kumwambia daktari. Na ukimwona mtu wako amenyamaza kuliko kawaida yake, usione aibu kumuuliza kama anataka kufa. Mimi niliulizwa. Ndiyo maana nipo.