Mota ya Boksi la Nje

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa. Hapana, naongopa, mvua zilikuwa mwaka uliotangulia. Huu ulikuwa mwaka wa joto, mke wa mshona makochi alipofanyiwa upasuaji. Aliporudi nyumbani tu, kiyoyozi kikagoma.

"Kidonda kitaoza humu," mke alisema. "Kesho kikiwa bado, naenda kwa dada."

Mshona makochi alimjua shemeji yake huyo. Ukiingia kwake, kutoka ni kazi.

Fundi wa viyoyozi akachungulia boksi la nje. "Mota ya feni imeungua, mzee. Ila usinunue popote, nenda kwa binamu yangu."

Binamu tena! Machale yakamcheza. Akaitia mota mbovu kwenye mfuko, akaenda kujitafutia mwenyewe.

Duka la kwanza walimletea mota mpya, katoni yake ikinuka gundi mbichi. Akaigeuza.

"Mpya gani hii, imezaliwa na makovu?"

Muuzaji akacheka, akairudisha rafuni. Duka la pili wakasema ipo kabla hata hajafungua mfuko. Akaondoka bila kuaga.

La tatu lilikuwa la mama mmoja mnene, aliyekaa katikati ya feni zilizokufa. Aliipokea mota, akasoma kibandiko chake, akainusa.

"Boksi lenu la nje mmelivisha nguo?"

"Nani amekuambia?" Mshona makochi alirudi nyuma hatua. Kweli alikuwa amelishonea vazi la kitambaa cha makochi, na vifungo juu, vumbi lisiingie.

"Imekufa kwa kukosa pumzi, baba. Wewe ungezibwa pua ukaambiwa ukimbie, ungefika wapi?"

Akamtafutia inayofanana nayo, akaichomeka kwenye umeme palepale ili aione ikizunguka. Hapo ndipo mshona makochi alipolegea, akanunua.

Jioni fundi aliifunga. Chumba kikapoa, mke akajifunika shuka, habari za dada zikaisha. Lakini mumewe alibaki amesimama nje, vazi mkononi, akimtazama fundi. Huyu ndiye aliyekuja mara zote kuliosha boksi. Alikuwa akilivua, anaosha, halafu analivalisha tena kifungo kwa kifungo, huku akisifu mshono.

Fundi alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Aliikaza muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akakusanya spana zake, akaenda zake kana kwamba hakusikia alichoulizwa:

"Kwani wewe, mwanangu, hukujua?"