Reflekta za Wageni

Wiki tatu nzima za maisha yangu nilizitumia kuchagua reflekta. Watu wakisikia kwamba kazi yangu Kigali ni usalama wa mafundi, hudhani nashinda nikizima moto na kubeba majeruhi. Mimi nilikuwa nagombania vizibao. Kampuni yetu ndogo ilikuwa inachonga kilima kule Masaka, pembezoni mwa jiji, ili ijenge nyumba za kupangisha, na mimi, Mtanzania mwenye mdomo mrefu, niliajiriwa kuhakikisha kila anayeingia pale asubuhi anatoka jioni na viungo vyake vyote.

Reflekta walizokuwa nazo zilikuwa za rangi ya chungwa. Zilikuwa, nasema, maana baada ya miezi ya vumbi na mvua zilishageuka rangi ya udongo wa Masaka, ule mwekundu unaong'ang'ania hata kwenye kucha. Mistari ya kung'aa ilikuwa imebabuka na kubaki michirizi ya kijivu. Fundi akisimama mbele ya ukingo uliochimbwa, ulichoona ni kichwa na mikono miwili. Kiwiliwili ulitakiwa kukikisia.

Nilikwenda kumwambia mkurugenzi. Ofisi yake ilikuwa Nyarutarama, kwenye jumba lenye bustani iliyonyolewa vizuri kuliko kichwa chake, na alinisikiliza huku akisoma simu.

“Madamu,” alisema, “mji huu wote umevaa reflekta. Wa moto na pikipiki yake amevaa, anayefagia barabara amevaa, polisi amevaa. Reflekta ni reflekta.”

Kisha akasema kama ni lazima zinunuliwe nyingine, basi ziwe za chungwa tena, kwa sababu nembo ya kampuni ni ya chungwa. Nilianza kuhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Nilifika saba.

Akamtuma mfanyabiashara mmoja kutoka Gitega, mtaa wa hapo hapo Kigali, aniletee sampuli. Huyo bwana alipanda ngazi mwenyewe na furushi lake, akanisifia kila uzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikwangua mstari wake kwa ukucha ukabanduka kama ganda la kitunguu, naye akaniambia, bila hata kupepesa, kwamba reflekta haikutengenezwa ili ikwanguliwe.

Ubishi wangu wote huo ulikuwa na mtu ndani yake. Pale kilimani kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeongoza matipa yakirudi kinyumenyume hadi ukingoni kumwaga kifusi. Alikuwa na vibendera viwili, kimoja chekundu na kimoja cha kijani, na alisimama karibu na matairi kuliko mtu mwingine yeyote. Kabla ya kuja kazini alikuwa ameshapalilia maharage yake, na kanga aliyofunga kiunoni ilikuwa na umande hadi saa mbili. Kila nilipomtazama akipunga bendera mbele ya lile tako la tipa, nilihesabu hatua zilizobaki kati yao. Nilijua kwamba siku dereva asipomwona, hakuna breki itakayomsaidia.

Kwa hiyo asubuhi moja ya ukungu nilimtoa mkurugenzi Nyarutarama kabla hajanywa chai. Nilikuwa nimechomeka miti miwili mbele ya ukingo na kuivika reflekta mbili mpya, moja ya chungwa na moja ya manjano inayoelekea kijani, ile rangi inayopiga kelele. Nikamsimamisha getini na viatu vyake vya kung'aa.

“Unaona reflekta ngapi?”

“Moja.”

“Ziko mbili.”

Alisogea hatua kumi, akakunja macho, akasogea tena. Wiki ile ile aliidhinisha reflekta arobaini za manjano. Zilikuwa na mistari mipana, kitambaa cha matundu ili mtu asichemke juani, na ubavuni zilifungwa kwa namna ambayo mashine ikikamata nguo, nguo inaachia na mtu anabaki. Nilizikabidhi kwa mtunza stoo kwa mkono wangu. Alikuwa mzee wa heshima, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na stoo yake ungeweza kula chakula sakafuni. Nilimwambia ni za watu wote. Akaniambia, “Ondoa shaka, dada yangu.” Nikaondoa.

Siku nne baadaye wakaja wageni, watu waliotia fedha zao katika mradi. Walipokewa getini na reflekta za manjano zilizonyooka kama zimetoka kwa dobi. Wageni walizipenda. Mmoja aliniuliza habari za mistari, na mimi, mtu wa kuulizwa mara moja na kujibu mara tano, nikaanza kumweleza huku tunatembea. Palikuwa na mfereji wa maji wa kuruka. Mkono ukanyooshwa kutoka ng'ambo, nikaushika, nikaruka, nikasema asante, nikaendelea na mistari yangu. Wageni walipoondoka nilimwita mtunza stoo mbele ya wasimamizi na kumsifu. Nilisema hivi ndivyo vifaa vinavyotunzwa. Mzee aliinamisha kichwa kwa furaha.

Baada ya hapo nilizama kwenye makaratasi ya bima pale Nyarutarama karibu mwezi mzima. Kila Ijumaa fomu ya stoo ilinifikia: reflekta mpya arobaini, hali nzuri. Nilifurahi, mjinga mimi. Sikujiuliza ni nguo gani inayovaliwa kila siku kwenye udongo ule ikabaki na hali nzuri.

Simu ilipigwa asubuhi, ukungu ukiwa umelala bondeni. Tipa lilikuwa limerudi nyuma na kumkanyaga yule mwanamke wa bendera. Aliwahi kujirusha, lakini mguu wa kushoto ulibaki, na kisigino kikavunjika. Nilifika kituo cha afya nikamkuta amelala ameuma kona ya kitenge. Reflekta yake walikuwa wameikata kwa mkasi na kuitupa kwenye beseni chini ya kitanda. Ilikuwa nyekundu kama udongo. Niliitazama nikadhani nimechanganyikiwa.

Nilirudi kilimani na kumkuta dereva amekaa kwenye jiwe.

“Sikumuona, madamu,” alisema. “Mimi sikumuona.”

Nilimfokea. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba macho amepewa ya kazi gani, kwamba kutoona si jibu, ni uzembe. Mtu mzima, baba wa watoto, alitazama chini na kurudia neno lile lile. Kisha nikaenda stoo.

Zilikuwa rafu ya juu kabisa. Arobaini zote, kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni, zimekunjwa kwa vipimo, na juu yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa mwandiko mzuri: ZA WAGENI.

Sisi wote tumekulia kwenye nyumba zenye kabati la vioo. Kwa mama yangu kulikuwa na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo sijawahi kunywea hadi leo, kwa sababu sijawahi kuwa mgeni nyumbani kwetu. Kwa hiyo nilielewa. Kuelewa kwenyewe ndiko kulikozidi kuniudhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Pale kwetu mgeni alikuja, na mwenyeji akavunjika kisigino.

“Mzee, nilikwambia ni za watu wote.”

“Uliniambia, dada yangu. Ningewapa, zingekuwa udongo ndani ya wiki. Wageni wangerudi wakute nini?” Sauti yake haikuwa ya ubishi. “Na wewe mwenyewe ulinisifu. Ulisema hivi ndivyo vifaa vinavyotunzwa. Nikajua nimefanya unavyotaka.”

Mimi nikibanwa huwa nafanya jambo la kipumbavu. Nilizishusha zote. Nikazibeba hadi nje, nikazitoa kwenye nailoni moja baada ya nyingine, nikazitupa kwenye tope la mlangoni na kuzikanyagakanyaga pindo kwa buti, nikichunga tu nisiguse mistari. Mafundi waliacha kazi wakanizunguka. Hakuna aliyecheka. Mzee alisimama mlangoni ameshika funguo zake, macho yamemjaa maji, na nadhani alikuwa akizilia zile reflekta kweli. Nilipomaliza hazikuwa tena na sura ya kuvalishwa mgeni yeyote. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika jina la kila mtu mgongoni, nikazigawa.

Wageni waliporudi walivaa zile kuukuu. Mkurugenzi aliniita Nyarutarama akanisema kwa nusu saa, nikamsikiliza huku nikitazama bustani yake.

Reflekta moja ilibaki mkononi mwangu, ile yenye jina la mwanamke wa bendera. Baada ya wiki tano nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi kwake, kwenye kijishamba nyuma ya nyumba mpya za Masaka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu wenye plasta juu ya mto, anapukuchua maharage. Akanikaribisha, akataka kuinuka, nikamkatalia. Nikampa reflekta. Aliigeuza huku na huku, akakwangua tope la pindo kwa kidole.

“Iko na uchafu,” alisema.

Nikamsimulia nilivyozikanyaga zote ili zisifungiwe tena stoo. Alicheka hadi akashika mguu. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukungu, na kwa kuwa nilijisikia vizuri nikaanza kusema mengi. Nikamwambia kosa lilikuwa la stoo. Nikamwambia kama ningejua siku ya kwanza tu kwamba yeye bado amevaa ile mbovu, pangewaka moto. Lakini ningejuaje, na mimi nilikuwa ofisini?

Aliendelea kupukuchua. Kicheko kilikuwa kimekwisha, ila hakuonyesha hasira.

“Madamu, siku ya wageni, pale kwa mufereji. Nani alikushika mukono ukaruka?”

Nilichukua ganda la maharage nikaligeuzageuza.

“Ni mimi. Nilikuvuta, ukafika karibu na mimi hivi.” Alipima kwa viganja viwili, nafasi isiyotosha hata kupitisha sahani. “Nilikuwa nimevaa ile ya zamani. Haukuona?”

Nilimwambia sikuona. Nilisikia neno likitoka kinywani mwangu, neno lile lile la dereva, na barabarani watu wa moto walikuwa wanapita na reflekta zao.