Sarafu ya Jubilii na Jina la Arasa

"Kwa nini huitiki mpaka uitwe mara mbili?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipomwuliza Mzee Arasa swali hilo kwenye foleni ya maji, na mama akanifinya sikio kwa utovu wangu wa adabu. Arasa hakukasirika. Alijaza debe lake, akaliweka begani, akaenda zake. Wala hakuwa mzee, miaka thelathini alikuwa hajaifikia. Lakini pale shambani kila mtu aliyekuwako tangu miti ya kwanza ya chai aliitwa mzee, na yeye alikuwako kabla hata ya hiyo miti, wakati Kericho yetu ilikuwa bado msitu na kima. Haya ninayoandika mengine nimeyapata kwa baba yangu, Alfayo, aliyekuwa karani wa shamba. Mengine nimeyapata kwa Arasa mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayejitoa mwiba.

Arasa aliishi peke yake katika kijumba cha mwisho cha laini ya Wajaluo, ile safu ya vijumba vya vibarua, ingawa alikuwa Mkisii. Hilo lenyewe lilikuwa ajabu. Laini ya Wakisii ilikuwa ng'ambo ya kijito tu, na jioni ungesikia obokano yao, ile zeze kubwa ya nyuzi nane, ikinguruma mpaka kwetu. Yeye hakuvuka. Kila vibarua wapya walipoletwa kutoka Kisii, alishikwa na homa ya siku mbili tatu isiyo na joto, mpaka ajue wametoka upande gani. Alijifunza Kijaluo hata akawa anatania watu kwacho. Lakini Jumapili, wengine walipokwenda kanisani na wengine kwa jamaa zao, yeye alikaa mlangoni akinoa jembe ambalo tayari lilikuwa kali.

Sababu ilikuwa hii: Arasa hakuwa Arasa. Jina lake lilikuwa Mosoti.

Mwaka wa 1925 ndugu wawili walitoka kwao kwa miguu kutafuta kazi ya chai, Arasa mkubwa na Mosoti mdogo wake. Arasa alikuwa na kipande, ile karatasi ya serikali yenye jina na alama za vidole, ambayo mwanamume huivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Asiye nacho haandikwi kazi. Mosoti alikuwa bado hana. Mvua ya Sotik iliwanyeshea siku mbili, Arasa akashikwa na kichomi. Alikufa asubuhi ya siku ya tatu katika kibanda cha mchunga ng'ombe mmoja, Mkipsigis, ambaye hawakusikilizana naye lugha hata neno moja. Kabla ya kukata roho alivua kikopo chake akamvisha mdogo wake, akamwambia asikose kazi. Mosoti na yule mchungaji walimzika. Kisha Mosoti akaendelea mbele, kwa sababu mbele kulikuwa na kazi, na nyuma kulikuwa na mama wa kuambiwa.

Alikusudia kufanya tiketi moja tu, zile siku thelathini za kazi, halafu arudi akaseme. Tiketi ilipoisha akaona haya kwa kuchelewa. Ya pili ikaisha, haya ikazidi. Ukishakaa mwaka mzima bila kusema neno kama hilo, unaanzia wapi? Mimi nimejaribu kufikiri na sijapata. Yeye pia hakupata, na miaka ikawa kumi.

Mwanzoni mwa 1935 meneja wa shamba alikusanya watu mbele ya kiwanda. Alisema kwamba mwezi wa Mei Mfalme wa Uingereza atatimiza miaka ishirini na mitano ya kutawala, nchi zake zote zitasherehekea Jubilii hiyo, na yeye meneja ameandika barua Nairobi kuomba zitengenezwe sarafu za fedha za ukumbusho. Si za kununulia kitu. Upande mmoja kichwa cha Mfalme, upande wa pili jina la mfanyakazi, moja kwa kila mtu aliyeanza na shamba mwaka wa 1925. Waliobaki wa mwaka huo walikuwa kumi na mmoja tu.

Mabishano yalianza pale pale. Watu walikuwa wamezoea senti zenye tundu katikati, za kutungwa kwenye uzi, na mmoja akauliza kichwa cha Mfalme kitatobolewa wapi. Nyapara wetu, arap Koros, akamjibu asijisumbue, yeye ameingia juzi, hata hilo tundu hapewi.

Arasa wetu alipigwapigwa mgongoni na kila aliye karibu. Aliniambia kwamba kwa muda wa kama kuvuta sigara moja alifurahi kabisa. Ndugu yake hana kaburi linalojulikana, basi atakuwa na fedha yenye jina lake. Kisha meneja akaongeza jambo. Majina hayo yatapelekwa kwa machifu, yasomwe barazani kwa kila mmoja siku ya Jubilii, wazazi nao wafurahi.

Arasa aliiona ile baraza kama iko mbele ya macho yake. Alimwona mama yake, Bochaberi, na Nyambeki, mke wa Arasa, na vile vikuku vya chuma miguuni ambavyo mwanamke wa kwao havui mume akiwa hai. Kwa miaka kumi hawakusikia lolote. Sasa wangesikia kwa kinywa cha chifu mwenyewe kwamba Arasa yuko hai Kericho, na anaheshimiwa. Nyambeki angekaa kumngoja tena, safari hii kwa uhakika. Na Mosoti asiyetajwa, mama angemlilia.

Siku ya tatu alikwenda ofisini wakati wa posho, alipojua karani yuko peke yake. Karatasi ya majina ilikuwa mezani, wino haujakauka vizuri.

"Karani," alisema, "jina langu litoe."

Baba alicheka. Alimwambia kwamba watu wanamletea kuku ili awaingize, na yeye anataka kutoka.

"Mimi niliingia mwaka wa ishirini na saba."

"Ishirini na saba mimi ndiye niliyeingia, omera, ndugu yangu, nikakukuta hapa. Wewe ndiye uliyenionyesha choo kiko wapi."

Arasa akavua kikopo shingoni, akakiweka juu ya ile karatasi, akasema kwamba mwenye kipande hiki alizikwa Sotik. Baba aliinuka akafunga mlango. Alisikiliza yote mpaka mwisho, na baba yangu si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Kubeba kipande cha mtu mwingine ni jela, na karani anayejua akanyamaza naye hana usalama, hilo walilijua wote wawili. Baba alimshauri aache jina liende, ni sarafu tu, tena bado haijaruhusiwa. Yeye akatikisa kichwa. Ndipo baba akamwuliza jina lake hasa ni nani, akaambiwa, akalirudia polepole kama mtu anayetaka kuliandika.

"Mosoti."

"Naam," akaitika, kabla neno halijaisha vizuri. Baba anasema uso wake ulibadilika hata ukamtia hofu.

Lakini Mosoti hakuwemo katika daftari lolote, na sarafu isingeandikwa jina la mtu ambaye serikali haimjui. Baba akachukua kalamu akakata mstari wa kumi na moja. Pembeni akaandika kwamba kulikuwa na kosa, mtu huyu aliingia 1927.

Orodha ilipobandikwa mlangoni mwa stoo, arap Koros aliisoma mara tatu. Yeye na Arasa walichimba pamoja mashimo ya miti ya kwanza, wakilala chini ya turubai moja. Alimgeukia mbele ya watu wote.

"Arasa, yale mashimo ulikuwa unachimba ukiwa wapi? Tumboni mwa mama yako?"

Arasa alisema pengine amechanganya miaka. Watu walicheka sana. Kutoka siku hiyo hakuitwa mzee tena. Waliomtania kwa upole na waliomtania kwa ubaya, wote walimwita Ishirini na Saba. Arap Koros hakumwita kwa jina lolote, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mei ikafika, sarafu hazikufika. Barua ya Nairobi ilisema shamba halina ruhusa ya kutengenezewa fedha yenye kichwa cha Mfalme, basi. Tulipata bendera, ng'ombe wawili, na chai yenye sukari kadiri mtu awezavyo kunywa. Wale kumi walinung'unika wiki moja wakasahau. Hakuna jina lililosomwa barazani popote. Sehemu ya nyama ya Arasa ilipelekwa kijumbani kwake juu ya jani la mgomba, akaila peke yake. Baba alitaka kwenda kukaa naye, lakini aliogopa watu wataanza kuuliza wana siri gani.

Mwaka huu, 1939, nilikuwa nyumbani likizo ya shule alipokuja kumuaga baba. Alikuwa ameomba kuachishwa kazi. Alikuwa anarudi Kisii, kumwambia mama yake kama bado yuko, na kumwambia Nyambeki avue vikuku. Hakujua watamfanya nini. Walipeana mikono, baba akamwuliza kama mvua itamkuta njiani.

Nilimbebea blanketi lake mpaka darajani. Alilipokea akaanza kuvuka, nami nikakumbuka kwamba sijamtakia safari njema. Nikaita, "Mzee Arasa!" Akaendelea kutembea. Nikaita tena, akasimama akageuka.

Nikamfuata mpaka katikati ya daraja, nikamwuliza lile swali langu la foleni ya maji. Safari hii hakwenda zake.

"Mara ya kwanza anaitwa yeye," alisema. "Huwa nangoja kidogo, labda ataitika."