Masikio ya Mwashi Mmoja wa Mbinga

Barua ilinifikia Jumanne, imeletwa na mwalimu mwenzangu wa zamani aliyekuja Songea kufuatilia pensheni. Ilikuwa ya binti mkubwa wa rafiki yangu, binti niliyemfundisha darasa la tatu, na haikuwa ndefu. Baba amefariki. Amegongwa na lori karibu na Kingerikiti, alikokuwa akijenga nyumba ya mtu. Dereva alipiga honi tangu mbali, watu wote wa kando ya njia waliisikia, na Baba aliendelea kutembea katikati ya barabara na ndoo yake ya vifaa, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na tope. Mazishi ni kwao Lipingo, siku ya Alhamisi. Mwisho akaandika, ni mimi mwanafunzi wako, na jina lake.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mnamfahamu marehemu bila kujua. Miaka kadhaa iliyopita niliandika hapa habari za kiziwi mmoja aliyekwenda Mbamba Bay kwenye mashindano ya ngoma ya mganda, akaweka kiganja chake ubavuni mwa ngoma kubwa, akafumba macho. Niliandika kwamba aliusikia muziki kwa moyo. Mlinisifu sana kwa makala ile. Mwalimu mmoja aliniandikia kuwa aliwasomea wanafunzi wake mpaka baadhi yao wakatokwa na machozi. Ilikuwa makala nzuri, na haikuwa ya kweli. Leo, kwa kuwa mwenyewe ameshalala, naona nina wajibu wa kuisahihisha.

Nilimfahamu enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, mimi nikifundisha shule ya msingi Mbinga mjini, yeye akiwa mwashi aliyepanda kutoka ziwani kufuata kazi. Kahawa ilikuwa ikilipa, na kila Mmatengo wa milimani mwenye shamba la maana alitaka nyumba ya tofali za kuchoma. Alikuwa fundi wa kutegemewa, ila kila aliyempa kazi alionywa mapema: bendi ikija mjini, ukuta utasimama pale ulipofikia. Na bendi zilikuja. Wakati wa malipo ya kahawa zilitoka Songea, Iringa, hata Dar es Salaam, vyombo juu ya lori na wanamuziki juu ya vyombo, wote wamepigwa vumbi hadi nyusi. Yeye alikuwa na habari za ujio wao kabla bango halijabandikwa. Hakuwa mchezaji wala mlevi. Katika dansi la Jumapili mchana, wenzake wakijimwaga ukumbini, alisimama mbele kabisa, upande wa gitaa la besi, mikono ameifunga nyuma kama mtu aliye kanisani, akasikiliza. Na msimu wa mganda ulipofika, alishuka kwao kwa lori lililokuja kuuza usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Huko aliweza kukwambia, akiwa bado nyuma ya umati na hajawaona wachezaji, vibuyu vile vya kupuliza ni vya kijiji gani, na mpiga ngoma wao ni yule wa mwaka jana au ni mwingine.

Siku moja, bendi moja kubwa ikiwa imepumzika kidogo, alimfuata mpiga gitaa la solo akamwambia kwa adabu kwamba waya wake wa pili umelegea kidogo. Yule bwana alimtazama juu mpaka chini, saruji ikiwa bado imeganda kwenye viatu vyake, akacheka. Kisha akaujaribu ule waya, akaacha kucheka, akaukaza. Tangu hapo kila bendi ile ilipofika Mbinga, mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa yeye. Walimwita ukumbini mchana wakati wa kupanga vyombo, wakamkalisha kwenye kiti katikati ya ukumbi mtupu, wakapiga, na yeye akawaambia nini kimezidi na nini kimepungua. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Aliniambia kuwa kujenga ni kazi yake, lakini pale kwenye kile kiti ndipo alipojiona kuwa mtu.

Soko huria lilipoingia, lilitupokonya vitu vingi mikononi kwa wakati mmoja, hata hatukujua kipi tukililie kwanza. Bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika ya umma. Mashirika yalipouzwa, magitaa nayo yaliuzwa pamoja na meza na makabati. Ukumbi wetu ulikodishwa kwa mnunuzi binafsi wa kahawa, akaujaza magunia hadi darini. Vijana wakahamia kwenye vibanda vya video. Rafiki yangu alizidi kutafuta vilivyobaki. Aliwafuata wanakwaya wa Kikatoliki milimani, yeye Mwanglikana. Akaenda kwenye harusi za watu asiowajua ilimradi kuna mtu anapiga gitaa. Wakati huohuo alikuwa akikohoa. Alisema ni vumbi la saruji. Alikonda mpaka mkanda ukazunguka kiuno mara moja na nusu, ndipo mkewe alipomburuta hospitali wakaambiwa ni kifua kikuu.

Miaka ile tiba ya kifua kikuu ilianza na sindano za kila siku kwa miezi miwili. Wiki ya tano alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akaniita nyuma ya darasa. Alikuwa akitembea kwa kupepesuka kidogo, kama mtu aliyeshuka sasa hivi kutoka kwenye mtumbwi. Alinieleza kuwa masikio yalikuwa yakilia kama nyenje tangu asubuhi mpaka jioni, na kwamba jana yake hakumsikia mwanawe mdogo akimwita kutoka hatua tano. Daktari hakumficha. Alimwambia kuwa sindano ile ina tabia ya kuharibu masikio ya baadhi ya watu, kwamba inaweza kusimamishwa, lakini dawa ya kushika nafasi yake haikuwapo, na hakuna aliyejua ingefika lini. Zilibaki wiki tatu. Aachie hapo, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu zaidi. Amalize, masikio yanaweza kwenda moja kwa moja. Uamuzi ni wake.

"Nataka kuiacha, Mwalimu," akasema.

Mkewe alikuwa ameshanijia siku mbili kabla, akilia, akinisihi niseme naye, maana mumewe alimsikiliza mwalimu kuliko ndugu. Kwa hiyo nilikuwa na maneno tayari. Nikamkumbusha jirani yetu aliyekatisha dawa, tukamzika kabla ya mwaka kwisha. Nikamtajia watoto wake watatu, mmoja mmoja, kwa majina.

"Muziki unaweza kuusubiri," nikamwambia. "Watoto hawawezi kukusubiri wewe."

Akanijibu, "Unasema hivyo kwa sababu wewe ukiukosa muziki hukosi kitu."

"Nasema hivyo kwa sababu nataka uishi."

"Basi nitamaliza," akasema, akaondoka akishika ukuta.

Alimaliza. Alipona kifua, akanenepa, akarudi juu ya jukwaa la ujenzi, ingawa chini chini tu, kwa sababu kizunguzungu hakikumwacha kabisa. Mwezi wa tatu baada ya sindano ya mwisho hakuwa akisikia hata kengele ya kanisa akiwa amesimama chini yake. Mtaani walisema Mungu mkubwa, ameokoka. Nami nilijipongeza kimoyomoyo.

Mwaka uliofuata ndipo nilipompeleka Mbamba Bay, nikidhani namfanyia wema. Vijana wa kijiji chake walimtambua, wakampisha hadi kwenye ngoma kubwa, naye akaweka kiganja, akafumba macho. Watu walimgeukia kumtazama. Akina mama walijifuta nyuso kwa ncha za kanga. Hayo niliyaandika. Sikuandika yaliyotokea tulipokuwa tukipanda kurudi Mbinga, tumekaa juu ya magunia kwenye lori, yeye akizungumza kwa sauti ile kubwa, isiyopanda wala kushuka, ya mtu asiyejisikia.

"Mwalimu, usinilete tena," alisema. "Ni kama kukaa na njaa unawatazama watu wakila."

Abiria wote waligeuka. Nilitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa jibu la maneno asingelisikia. Wiki ile ile nikaketi nikaandika makala yangu ya moyo unaosikia. Naamini niliiandika ili nijitulize mwenyewe.

Baada ya hapo nilipunguza kwenda kwake. Kuzungumza naye kulitaka kibao na chaki, nami nilichoka mapema. Jambo la kusimulia kwa dakika moja lilichukua kumi, na mzaha ukishaandikwa hauchekeshi. Nilipostaafu nikahamia Songea. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa sokoni Mbinga, miaka minne baadaye, nilipokwenda kwa shughuli zangu. Alikuwa upande wa pili, ameshika pima maji mkononi. Nilikata kona kwenye kichochoro cha wauza mitumba, nikijiambia nina haraka. Nilipochungulia tena, alikuwa bado amesimama palepale, uso ameuelekeza upande wangu. Aliniona.

Kuhusu lori, sina la kumlaumu dereva. Alikuwa mgeni, mmoja wa hao wanaokuja msimu wa ununuzi na kuondoka. Madereva wa malori ya ushirika wetu wa kahawa walikuwa wakimjua. Wakimkuta njiani walisimamisha gari, utingo akashuka, akamgusa bega, akamsogeza pembeni, safari ikaendelea. Ushirika ulipokufa, nao wakatawanyika. Tumepata magari mengi na wanunuzi wengi, na pengine bei nzuri kwa mwaka mmoja au miwili, lakini barabara zetu sasa zinapitiwa na watu wasiojua nani ni nani.

Lipingo tulizika mchana, jua kali, ziwa limetulia. Kikundi cha mganda cha kijiji kilikuwa kimekaa kando na ngoma zao, hakijui kama inafaa kupiga kwa mtu wa namna ile. Mkubwa wao alimwendea mjane kumwuliza. Mama yule akajibu bila kuinua uso, "Pigeni. Sisi tunasikia." Wakapiga. Sijui walipiga nini, maana nilikuwa namtazama binti niliyemfundisha, aliyejiziba masikio kwa viganja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Baadaye nilikaa na mjane kwenye mkeka, nikamwuliza lile swali nililokuwa nimebeba tangu Songea. Je, mumewe alinilaumu kwa zile sindano?

"Sindano hakukulaumu hata siku moja," alisema. "Alisema uliwapa watoto wake baba kwa miaka saba. Alichokuwa akiniuliza ni mbona huji."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimchagulia rafiki yangu kitanda, nikaenda kulala kwangu. Na hata leo, angenijia tena nyuma ya darasa lile, ningemwambia yaleyale: maliza dawa. Ushauri ule haukuwa kosa. Kosa ni kwamba nilidhani umeishia siku aliyopona. Sisi walimu, wachungaji, ndugu na majirani ni hodari wa kumsihi mgonjwa aishi. Huwa hatujiulizi ataishi vipi, na nani, saa kumi jioni ya siku ya kawaida isiyo na sherehe. Anayemwomba mtu abaki duniani amejifunga kukaa naye humo, hata kama kukaa kwenyewe kunachosha na hakuna cha kusema. Basi la Mbinga liliondoka Songea kila asubuhi kwa miaka yote ile, nafasi zikiwamo, na mimi nilikuwa mstaafu nisiye na kazi.